Kuvu Katika Kioo: Tuogope kwa Kipimo



Mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimeshika, tulikwenda Kakamega kumzuru ndugu yetu aliyeolewa huko. Yeye ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa; mumewe ni mtu wa Mumias, mji ambao misafara ya pwani iliufikia katika karne ya 19 na Uislamu ukaota mizizi humo mpaka leo. Safari ni ya zaidi ya kilomita 800, na mwenye kuikata kwa basi hushuka akitamani chai na godoro. Tulipewa vyote viwili. Lakini kabla ya chai kupoa, mwenyeji wetu alileta sanduku la bati, akalifungua mbele yetu, akatoa kamera ya marehemu mamake.

Mama huyo alikuwa akipiga picha katika shughuli za wanawake, siku za hina na za kupamba, mahali pasipoingia mwanamume. Bibi arusi na watu wake walimwamini, na filamu za picha zile alizihifadhi kwa miaka mingi bila ya kumwonyesha asiyehusika. Alipofariki, bintiye alirithi kamera, lenzi mbili na bahasha zilizojaa filamu. Hakurithi mali peke yake. Alirithi na amana za watu.

Sasa alituelekezea lenzi dirishani tutazame. Ndani ya kioo mlikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe, zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati mithili ya utando wa buibui. Alikuwa amepangusa mara nyingi kwa kitambaa, na nyuzi zisiondoke, kwa kuwa hazikuwa juu ya kioo bali baina ya kioo na kioo. Wakati huohuo mwanawe wa miaka sita alikuwa akikohoa tangu mvua zilipoanza, hasa usiku. Mavyaa wake aliyaunganisha mambo hayo mawili, akatoa shauri lake kwa upole lakini bila ya kuzunguka: “Mwanangu, mtoto hana badali. Chombo hiki kina uchafu ndani, nacho kitolewe katika nyumba hii.”

Ndugu yetu alitutazama. “Huu ni mkono wa mama yangu,” alisema. “Nitautupaje?”

Hatukuwa na jibu siku ile. Haya tuyaandikayo ni yale tuliyoyaona katika nyumba ile, pamoja na tuliyoyapata baadaye kwa kuuliza mafundi na matabibu na kusoma. Twayaandika kwa sababu twajua kwamba kuvu haiko Kakamega pekee. Nani miongoni mwetu hapa pwani hajafungua kabati akakuta kofia, viatu vya ngozi au mkoba umefanya koga?

Kuvu yala nini katika kioo?

Neno letu la ukungu lina maana mbili, na hapo ndipo wengi hukosea. Ukungu wa kwanza ni mvuke wa maji ugandao juu ya kioo baridi, ukiupangusa huondoka. Ukungu wa pili ni kuvu yenyewe, kiumbe kilicho hai, chenye kula na kuzaana. Huu wa pili haupanguswi kwa leso.

Kioo chenyewe si chakula cha kuvu. Chakula chake ni vile tuviachavyo juu ya kioo na kandokando yake: vumbi, mafuta ya vidole, nyuzi za vitambaa, gundi ya zamani iliyounganisha vioo, na grisi ya vyuma vinavyozunguka. Mbegu zake, ambazo wataalamu huziita spora, ni ndogo mno hata hazionekani kwa macho, nazo zimo katika hewa ya kila mahali. Zinapotua penye chakula na unyevu, huchipua nyuzi. Watengenezaji wa lenzi wamekwisha kuyataja masharti yake: unyevu wa hewa wa asilimia 70 au zaidi kwa siku kadhaa mfululizo, joto la baina ya nyuzi 10 na 35 za Selsiasi, giza, na hewa isiyotembea. Katika Vita vya Pili vya Dunia, majeshi yaliyopigana katika visiwa vya Pasifiki yaliona darubini zao zikiharibika kwa namna hii.

Kakamega ina masharti hayo yote. Mji uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, jirani na msitu ambao ni mabaki, upande wa mashariki kabisa, ya misitu mikuu ya mvua ya Afrika ya kati. Mvua yake hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, takriban maradufu ya ile ya Mombasa. Kando ya barabara ya Kisumu, pale Ilesi, pana jiwe refu ambalo maji hutiririka juu yake kama machozi, na watu huliita jiwe liliaalo. Sanduku la bati lililofungwa kwa miezi katika hali ya hewa kama hiyo, likiwa na mkoba wa ngozi ndani yake, ni shamba la kuvu. Ngozi hunywa unyevu na kuutunza, kisha huurudisha kwenye kioo usiku na mchana.

Kuvu ikiachwa, hutoa asidi zinazoula utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na hatimaye kioo chenyewe. Fundi aweza kuondoa kuvu; alama iliyochimbwa haiondoki. Kwa hiyo anayeahirisha hupoteza.

Je, lenzi yenye kuvu yadhuru mtu?

Hili ndilo lililokuwa swali la mavyaa, nalo lastahiki jibu la wazi. Kiasi cha kuvu kilichomo katika lenzi ni kidogo sana, na kwa kawaida kimefungiwa baina ya vioo. Kila mmoja wetu huvuta mbegu za kuvu kila siku, barabarani, sokoni na shambani, na mwili wenye afya huzishinda. Kutazama kupitia lenzi hiyo hakupeleki kuvu jichoni. Mwenye pumu aweza kupiga chafya au kubanwa kifua anapofungua mkoba wa ngozi uliojaa koga. Basi na aufungue nje, penye upepo, au amwachie mwingine. Zaidi ya hapo, kamera ile haikuwa na nguvu ya kumkohoza mtoto usiku kucha.

Lakini tusichanganye vioo. Lenzi zinazovaliwa ndani ya jicho ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2006 watu wengi katika Marekani na katika nchi za Asia walipata vidonda vya kuvu katika mboni, na uchunguzi ukaelekea kwenye dawa moja ya kuoshea lenzi hizo, ikaondolewa madukani. Mabinti zetu wanaovaa lenzi za macho wajue: hazioshwi kwa maji ya bomba wala kwa mate, hazilaliwi nazo bila ya idhini ya daktari, na kijichombo chake hubadilishwa mara kwa mara.

Na katika nchi ya miwa na mahindi kama Kakamega, hatari kubwa ya kuvu kwa jicho hutoka shambani. Jani la muwa au la mhindi likimkwaruza mtoto jichoni, kuvu huweza kuingia pamoja na mkwaruzo, na kidonda kikazuka baada ya siku kadhaa. Mtoto huyo apelekwe kwa tabibu wa macho mapema. Asitiwe maji ya majani, wala maziwa ya mama, wala dawa ya macho iliyobaki kwa jirani, kwani baadhi ya dawa hizo zina steroidi, ambayo huituliza maumivu na kuiacha kuvu ile jicho.

Ukuta ulio nyuma ya kabati

Baada ya chai tuliomba kuonyeshwa mahali sanduku lilipowekwa. Lilikuwa chini ya kitanda cha mtoto.

Chumba kile kiko nyuma ya nyumba, upande upigwao na mvua. Mfereji wa bati la paa ulikuwa umekatika, na maji yote ya upande ule yalimwagika chini ya ukuta. Dirisha lilifungwa kwa sababu ya baridi na mbu. Nguo zilianikwa ndani, kwa kuwa nje hazikauki. Kabati kubwa lilikuwa limegusana na ukuta, na tuliposaidiana kulisogeza, nyuma yake tulikuta doa jeusi na kijani, pana kama mkeka wa kuswalia, likinuka uvundo. Kichwa cha mtoto hulala dhiraa mbili kutoka hapo.

Mavyaa alikuwa ameona sawasawa kwamba kuna kuvu nyumbani na kwamba kuvu hiyo ina jambo na kifua cha mjukuu wake. Alikosea mahali tu. Kamera na mtoto walikuwa wakivuta hewa moja, na kioo kilionyesha mapema yale ambayo kabati lilikuwa likiyaficha.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya unyevu na kuvu majumbani. Lilieleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu hupatwa zaidi na kikohozi, kukoroma kwa kifua, maambukizo ya njia ya hewa na kuzidi kwa pumu. Watoto, wazee na wenye pumu ndio walio dhaifu zaidi. Wapo pia wenye kinga iliyopungua, na waliopona kifua kikuu lakini mapafu yao yakabaki na mashimo. Katika mashimo hayo kuvu huweza kuota na kuishi. Aliyemaliza dawa za kifua kikuu kisha kikohozi kikarudi, hasa chenye damu, asinyamaze akidhani ni baridi. Rangi ya kuvu haituambii ukubwa wa madhara yake. Iwe nyeusi au nyeupe, ikiwa katika chumba cha kulala iondolewe.

Hapa tuseme jambo ambalo huenda lisiwapendeze baadhi yetu. Udi hauui kuvu. Tunapofukiza chumba chenye uvundo, twafunika harufu, na kuvu inabaki pale pale. Zaidi ya hayo, moshi wa udi na buhuri humchokoza mwenye pumu. Hatusemi tuache desturi yetu. Twasema chumba cha mtoto mwenye kifua kisifukizwe. Wala jiko la makaa lisiingizwe chumbani kukausha ukuta au kuleta joto, kwani makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini.

Kuvu inayoliwa

Jioni ile tulimwona mavyaa akichambua mahindi uani. Alikuwa mwangalifu: mazuri katika kapu moja, yaliyofanya kuvu katika jingine. Tulipomuuliza la pili ni la nani, alijibu, “La ng'ombe. Yeye hana neno.”

Tulisita, kwa kuwa yeye ni mkubwa wetu na tumekula chakula chake. Kisha mmoja wetu akamweleza kwa adabu. Baadhi ya kuvu za nafaka hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo huharibu ini na kusababisha saratani. Sumu hiyo haiondolewi na moto wa jikoni, haina ladha, na yaweza kuwamo hata katika punje zisizoonekana kuwa na kuvu. Ng'ombe akiila, sehemu yake hutoka katika maziwa, na maziwa yale hunywewa na mtoto. Kenya yaijua sumu hii vyema: mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, na 125 kati yao wakafariki.

Mavyaa alilitazama kapu la pili kwa muda. “Basi mimi nimeogopa kioo,” alisema, “na hili nalibeba kwa mikono yangu.” Hakuna aliyecheka. Kapu lilimwagwa shimoni na kufukiwa.

Tangu siku ile twaona kwamba si vibaya kuiogopa kuvu, ila kila kuvu iogopewe kwa kipimo chake. Ya katika lenzi huharibu mali. Ya ukutani huumiza pumzi. Ya ghalani huweza kuua. Sisi twaelekea kuipanga kinyume, kwa kuwa ya katika kioo huonekana ya ajabu, na ile ya mahindi tumeizoea.

Yatupasayo kufanya

Tuanze na nyumba. Kuvu haimalizwi pasipo kuondoa maji yanayoilisha: mfereji wa paa utengenezwe, bomba linalovuja lizibwe, maji ya mvua yaelekezwe mbali na msingi. Makabati na vitanda vitengwe na kuta za nje, walau upana wa kiganja, hewa ipite. Madirisha yafunguliwe kila siku mvua inapopumzika. Doa dogo lisuguliwe kwa sabuni na maji, likaushwe vizuri. Mwenye kusugua afunike pua na mdomo, avae glavu, na watoto wawe nje. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kamwe na siki, ndimu, amonia wala dawa nyingine ya choo, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Kupaka rangi juu ya kuvu ni kuificha. Wazee wetu wa pwani walipaka kuta zao chokaa, nayo ilikuwa hekima: chokaa huuacha ukuta upumue, na ukali wake haupendwi na kuvu.

Ghalani, mahindi yakaushwe juu ya turubai, yasianikwe udongoni, mpaka unyevu wake ushuke chini ya asilimia 13.5. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Yaliyooza yasipewe mtu wala mnyama.

Ama kamera, darubini na miwani ya zamani, vitolewe katika mikoba ya ngozi na kuwekwa katika chombo cha plastiki kinachofungika barabara, pamoja na vipakiti vya silika jeli, vile vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Vipakiti hivyo hushiba unyevu, basi vibadilishwe. Mchele usitumiwe badala yake, kwa maana vumbi lake ni chakula kingine cha kuvu. Kifaa kitumiwe mara kwa mara, kipate mwanga na hewa. Lenzi isiachwe wazi juani, kwani hukusanya miale na kuweza kuwasha moto. Usiifungue mwenyewe, kuvu iliyo ndani ni kazi ya fundi. Na filamu za picha zina hatari kuliko vioo, maana utando wake ni jelatini, chakula halisi cha kuvu. Filamu iliyoshikwa na kuvu isioshwe kwa maji, kwa sababu jelatini iliyoliwa huyeyuka, na picha ikaondoka nayo. Ikaushwe polepole, kisha inakiliwe na mtu mwaminifu.

Habari zilizotufikia

Majuma machache baadaye ndugu yetu alitupigia simu. Mtoto alipelekwa hospitali, na daktari akakuta ana pumu. Amepewa dawa ya kuvuta na kufundishwa jinsi ya kuitumia. Mfereji umetengenezwa, ukuta umekwanguliwa na kupakwa chokaa, na kitanda kimehamishiwa chumba cha mbele. Usiku alala, alhamdulillah, ingawa hajaacha kukohoa kabisa. Ameambiwa pumu hutunzwa, nayo haiishi kwa siku moja.

Lenzi moja imesafishika. Ya pili imebaki na alama pembeni ambayo fundi alisema haitatoka. Filamu alizikausha mwenyewe, bahasha moja moja, na amewatafuta baadhi ya wenyewe. Wawili kati yao sasa ni bibi wenye wajukuu, na wamezipokea picha zao za hina wakiwa na machozi.

Siku ya Idd kubwa alitia filamu mpya katika kamera ile, akampiga picha mavyaa wake akiwa amempakata mjukuu barazani. Alichagua lenzi yenye alama. Filamu bado haijasafishwa, nasi twangoja kuiona.